Samaki Hachinjwi

Ukimletea samaki, hakuangalia macho. Sisi wanawake wa ziwani tulifundishwa na mama zetu kuangalia macho, kama yamezama au bado yanang'aa. Yeye aliingiza kidole chini ya shavu la samaki, akalifunua, akachungulia wekundu wa ndani, kisha akanusa kidole chake. Akikunja pua, beba samaki wako uende zako. Akisema "Bismillahi", ujue amenunua. Neno la katikati hakuwa nalo.

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tulimwita Hadja, na kila tulipomwita alitukemea. "Hadja wa wapi? Maka sijafika. Mi nimefika Dzaleka tu, na huku hakuna hija!" Tunacheka, kesho tunamwita Hadja tena, naye anakemea tena. Alikaanga samaki kwenye soko la kambi, karibu na mafundi wa nguo, na mimi nilikuwa namletea samaki wabichi. Mimi mtu wa Uvira, mwimba kwaya. Yeye Mwislamu wa Rumonge. Ziwa letu ni moja, kila mmoja alilikimbia kutoka upande wake. Nilimpenda kama dada mkubwa. Nilimficha jambo moja tu, lakini jambo hilo lilinipotezea yeye kwa miaka minne, kwa hiyo afadhali niliseme mapema: samaki niliokuwa namuuzia walinenepa kwa mavi ya nguruwe.

Basi, nimesema.

Mume wangu alikuwa amekodi kwa mwenyeji kipande cha bonde lenye maji, nyuma ya mashamba ya mahindi, tukachimba bwawa. Mshauri wa kilimo akatufundisha: jengeni banda la nguruwe juu ya bwawa, sakafu ya miti yenye nafasi, kinachoanguka kianguke majini. Maji yanakuwa ya kijani, samaki wanapata chakula, nguruwe nao wanauzwa. Kwetu Wakristo hapakuwa na shida yoyote. Tilapia wetu walitoka na migongo mipana hata watu wakauliza kama ni wa Ziwa Malawi. Hadja naye aliniuliza, "Mdogo wangu, hawa unawalisha nini?" Nikajibu, "Pumba." Pumba tuliwapa kweli, kila asubuhi. Mengine niliyameza.

Nilivyojuana naye ni kichekesho. Nilikuwa mgeni kambini, sina hata chumvi, na huyu mama nisiyemjua akanipa makaa na chumvi na kipande cha sabuni bila kuniuliza kanisa langu. Nikataka kumshukuru kwa chakula. Juu ya Waislamu nilijua jambo moja: hawali kilichochinjwa na mtu asiye Mwislamu. Nikanunua kambale mzima, bado anapiga mkia ndani ya ndoo, nikampeleka kwa mchinjaji wa mbuzi pale sokoni. "Baba, nichinjie huyu. Nina mgeni Mwislamu."

Yule baba akaangalia ndoo, akaniangalia mimi, uso wake haukutikisika hata kidogo. "Sawa, mama. Mshike kichwa. Mwelekeze kaskazini, Maka iko kule."

Nikamshika. Nani ameweza kumshika kambale? Aliniponyoka, akaanguka chini, akaanza kutambaa kwenye vumbi kuelekea kwa mafundi. Wanawake wakapanda juu ya viti, mmoja anapiga kelele kwamba ni nyoka. Mchinjaji alikaa chini kabisa, ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Soko lote lilicheka siku hiyo, na mimi nimesimama na ndoo tupu natamani ardhi ipasuke.

Hadja akaja na mwiko wake mkononi. "Nani huyu anachinja samaki?"

"Ni mimi, mama."

"Sababu ya nini?"

"Nilitaka kukukaribisha. Nilifikiri usipochinjiwa hutakula."

Akaweka mwiko chini. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, kizuri tu, akamfunika yule kambale na vumbi lake, akambeba kama mtoto. Akawageukia watu. "Leo nakula kwa huyu. Na anayecheka tena, simkaangii mpaka Ramadhani iishe!" Ramadhani ilikuwa bado miezi mingi. Watu wakafunga midomo.

Kwangu, huku akimparua kambale ute kwa majivu, alinionyesha zile nafasi mbili kando ya kichwa. "Unaona hapa? Amekwisha chinjwa." Akanisimulia. Nabii Ibrahimu alipokuwa karibu kumchinja mwanawe, akaletewa kondoo badala yake, alifurahi sana hata akakitupa kisu. Kisu kikaruka, kikampitia panzi shingoni, kikaenda kuangukia majini, kikampata samaki hapa na hapa. Tangu siku hiyo panzi na samaki hawahitaji kisu cha mtu. Mimi niliijua hadithi ya Abrahamu tangu shule ya Jumapili, lakini kisu kilikoangukia sikuwahi kuambiwa.

Ustadhi wa madrasa aliisikia hadithi hiyo siku nyingine, akamsahihisha mbele za watu, kwa adabu. Akasema hukumu ni sahihi, mfu wa majini ni halali kwa neno la Mtume mwenyewe, lakini hiyo ya kisu haimo katika kitabu chochote.

"Mi sikusema iko kwa kitabu," Hadja akamjibu. "Nilisema iko kwa samaki. Njoo uangalie."

Ndivyo alivyokuwa. Hakusoma sana, lakini kwa habari ya samaki hukuweza kumshinda. Watu walimletea maswali pale pale kwenye moshi. Mwanamke amenunua samaki kwa mvuvi asiye na dini yoyote: "Kula, samaki hana haja ya dini ya mvuvi." Mwingine amekuta kwenye tumbo la samaki kasamaki kadogo: "Hako kaoshe, ukikataka kakaange, usipokataka mpe paka, usinisumbue." Ndagala waliokaushwa na matumbo yao: "We utatumbua ndagala mmoja mmoja mpaka lini? Kula!" Halafu anacheka yule mama, kicheko kikubwa cha kifuani, huku anageuza vipande kwenye karai.

Karai lake sasa. Hakumwazima mtu, hata mimi. Lilikuwa jeusi nje, ndani linang'aa, na halikupitiwa na kitu kingine ila samaki na mafuta yake. Ndiyo maana Waislamu wa kambi nzima walinunua kwake na macho yamefumbwa. Wasomali wenye maduka walituma watu. Nilipokuwa nawaona wamepanga mstari wakisubiri tilapia wangu, moyo ulikuwa unaniambia, wewe mwanamke, siku wakijua, huyu mama watamvunjia karai kichwani. Kisha ninapokea changu, narudi nyumbani. Yesu ananijua.

Wa kushangaza zaidi ni Msabato. Tulikuwa na fundi nguo mmoja, mzee wa Fizi, Msabato wa kweli, ambaye dini yake inamkataza samaki asiye na magamba. Kambale hagusi. Hadja, ambaye kwake kambale ni halali kabisa, alimwekea yule mzee sheria yake kwa ukali kuliko pasta wake. Kila asubuhi mafuta mapya yanamkaanga tilapia wa fundi kwanza, kambale baadaye. Ukimharakisha alikwambia, "Subiri. Mafuta ya kwanza ni ya Msabato."

Kuna kipindi posho ilipungua na njaa ikaingia kambini. Fundi akaja siku moja amechelewa, tilapia wamekwisha, karai limejaa kambale na harufu imetapakaa. Akasimama. Akameza mate. Akanyoosha kidole polepole kwenye kipande cha mkia.

"Mzee," Hadja akasema, "hicho ni kambale."

"Naona, mama. Mungu anajua hali yetu."

"Anajua, lakini mi sitaki anikute nimekupa mimi! Rudisha kidole." Akainama chini ya meza, akatoa kibakuli chake mwenyewe kilichofunikwa, tilapia aliyejiwekea wa kufuturu, maana alikuwa amefunga sunna siku hiyo. Akampa. Jioni alifuturu kwa maji na uji. Nilikuwepo, na nilitaka kumwambia habari ya bwawa siku ile ile. Mdomo ulikataa.

Hakuwa malaika, msinielewe vibaya. Alikuwa na matusi ya Kirundi ambayo sithubutu kuyaandika. Alivuta ugoro, na kila sheikhe aliyepita alimwambia aache, naye anaitikia "inshallah" huku anajipangusa pua. Tukienda Lilongwe pamoja kununua mafuta, msimu wa tumbaku, basi likifika Kanengo anafungua dirisha lote, anafumba macho, anavuta ile harufu ya maghala mpaka tupite. "Hii njo ya bure, haina dhambi," anasema; "njo" ni "ndiyo" ya kwetu.

Na mjini alikuwa na adui wake, au rafiki, sikujua. Mwenye duka la mafuta, mzee wa asili ya Kihindi, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe. Walikuwa wanagombana juu ya kaunta, wateja wanasubiri. Mzee anasema katika madhehebu yake cha majini kinacholiwa ni samaki tu, kaa hapana, na samaki aliyekutwa anaelea amekufa mwenyewe naye hapana. Hadja anasema kwao Mashafii kiishicho majini tu kinaliwa, aelee asielee, mradi hajaoza. Anapiga meza. Anatetea samaki aliyekufa kama anatetea shemeji yake mahakamani. Mwisho mzee anacheka, anamwongezea kibaba, wanaombeana dua. Siku moja tukitoka nje nikamuuliza, "Kumbe we unakula kaa?"

"Mi? Astaghfirullahi! Mnyama anatembea upande kama mtu anamkimbia mwenye nyumba. Mi sili kaa. Lakini kuhalalishwa, amehalalishwa."

Kitu kilichomfanya apendwe na wote, hata Wakristo, ni misiba. Kwenye mtaa wetu tuliishi tumechanganyika, na msiba ukitokea nyama ilitugawa. Mbuzi akichinjwa na Mkristo, Waislamu wanakaa pembeni na chai. Akichinjwa na Mwislamu, kuna Wakristo wa makanisa fulani nao wananong'ona. Hadja alikuwa anafika na sufuria lake kubwa limefungwa kwa kitenge, anamwondoa mpishi jikoni bila kumwomba, anapika samaki wa mchuzi, sufuria moja, mstari mmoja wa sahani. "Nyama inauliza nani alishika kisu," alisema. "Samaki haulizi kitu." Tulizika watu wengi namna hiyo, tukila pamoja na machozi yetu.

Samaki wale, mara nyingi, walikuwa wangu.

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe. Siku moja, anahesabu tilapia, akaniambia, "Mdogo wangu, nataka nije nione hilo bwawa. Nataka nione hawa batoto wanalelewa wapi." Alisema kwa mapenzi tu. Nikasema njia ni mbaya, mvua imeharibu daraja la miti. Wiki iliyofuata akauliza tena. Nikasema mwenye shamba ana mbwa. Ya tatu akasema, "Nitachukua kabaza, mbwa atauma baiskeli." Nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu tuhamishe nguruwe. Akanitazama. Nguruwe walikuwa kumi na wawili, na mahali pa kuwapeleka hapakuwepo.

Basi nikafanya upumbavu. Nilimwambia Hadja bwawa limekauka, samaki wamekufa wote. Alisikitika hata akaniletea unga. Unga ule tuliula, ndiyo. Na mimi nikaanza kupeleka samaki wangu Kanengo, kuwauzia watu wa viwandani, nikizunguka njia ya nyuma nisipite kwenye karai lake.

Njia ya nyuma nayo ina macho. Asubuhi moja nimebeba beseni kichwani, nimelifunika kwa majani ya ndizi, nakutana naye uso kwa uso, anatoka kumsalimia mgonjwa. Mkia mmoja ulikuwa unatokeza kwenye majani. Aliuangalia ule mkia. Aliniangalia mimi. Nilingoja matusi ya Kirundi, nilikuwa nayataka kabisa.

"Safari njema," akasema, akapita.

Hatukusemezana tena. Mama mkwe wangu alipofariki, mwaka uliofuata, tulichinja mbuzi, mistari ikawa miwili, na Hadja hakuja. Nilimkasirikia! Mimi mwenye kosa, nikakaa kwenye mkeka nawaambia watu, oneni, hata kwenye msiba hakuja. Baadaye nikasikia amehamia Biwi, mjini Lilongwe, kwa binti yake, ambaye ameolewa na mwenyeji. Mahali pa karai pakachukuliwa na muuza chapati.

Miaka ikapita hivyo, mpaka Ijumaa moja fundi Msabato akanisimamisha njiani. "Hadja anaumwa miguu, hatembei. Nilikwenda kumwona. Aliniuliza habari zako." Akashika tena njia yake. Nilikwenda siku ile ile, sikubadilisha hata nguo.

Nilimkuta uani kwa binti yake, miguu imevimba, imewekwa juu ya kigoda. Binti alikuwa anapepeta mchele. Hadja amepungua, lakini sauti ni ile ile.

"Umekuja kunisalimia ao umekuja kunizika?"

"Kukusalimia, Hadja."

"Maka sijafika. Kaa." Nikakaa. Hakunipa nafasi hata ya kuuliza hali. "Nikuulize kitu, tangu miaka ine najiuliza peke yangu. Mi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Pasta wako njo alikukataza? Alisema usiuzie Waislamu?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana."

"Mi nilijua ni pasta. Nikasema bon, kama samaki yao hainifai, mkono wangu nao hautawafaa kwa msiba. Mama mkwe wako alipokufa nilikuwa nimekwisha kufunga sufuria. Nikalifungua. Nililia siku hiyo, sababu yule mama nilimpenda." Alipangusa pua. "Kama si pasta, ni nini?"

Nikamwambia. Nilisema yote mfululizo, banda, sakafu, maji ya kijani, pumba iliyokuwa nusu ya ukweli, mbwa asiyekuwepo. Nilisema nikiangalia miguu yake. Binti aliacha kupepeta.

"Wote?" Hadja akauliza.

"Wote. Tangu mwanzo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Alinusa kidole chake, kama zamani pale sokoni. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea, "Niliwanusa mmoja mmoja. Hawakunuka." Akaniinulia macho. "Kuku wa kwenu akizunguka jalalani anakula uchafu, mnafanya nini?"

"Tunamkula tu."

"Sisi tunamfunga. Siku tatu anakula nafaka safi, mpaka uchafu umtoke, njo anachinjwa. Na samaki vile vile. Unamtoa kwa maji machafu, unamuweka kwa maji safi, siku tatu, siku ine. Basi. Unaleta, nakaanga. Njo hiyo tu."

"Njo hiyo tu?"

"Ungeniuliza! Bantu wote wa Dzaleka waliniuliza kila upuuzi, kasamaki ndani ya tumbo, ndagala, kila kitu. We, wa nyumbani, hukuniuliza!"

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa nini? Mi nina meno?" Machozi yakamtoka bila kificho, yule mama ambaye sikuwahi kumwona akilia. "Siku tatu, mdogo wangu. Ilikuwa kazi ya siku tatu."

Mimi nami nikalia. Nikamuuliza habari ya wale wote waliokula. Akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, na yeye mwenyewe hana. "We njo unayo," akasema, "na si ya samaki."

Nikapiga magoti pale chini. "Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nina hasira sana. Rudi Jumanne."

Binti akanisindikiza hadi barabarani. Nilifika Dzaleka jua bado liko juu. Sikuingia ndani, nilishuka moja kwa moja bwawani, nikamwita mume wangu tuvute wavu, nikachagua tilapia wanne wenye nguvu, nikawaweka kwenye ndoo. Akaniuliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa Jumanne, aniletee lile pipa la bluu. Nililisugua kwa majivu mara tatu, nikalisuuza, kisha nikachukua madumu mawili nikaenda kupanga foleni ya maji ya bomba.